Mwanajeshi kwenye kongamano la wadukuzi: ajitaje au anyamaze?

SWALI: Shikamoo Afande. Mimi ni sajenti wa mawasiliano katika Jeshi la Nchi Kavu la Marekani, niko Colorado. Nilizaliwa Eldoret, nikaingia jeshini mwaka 2014 kupitia MAVNI, ule mpango uliowachukua wageni wenye lugha kama Kiswahili kabla haujasimamishwa. Siku hizi niko upande wa ulinzi wa mitandao. Agosti nataka kwenda DEF CON, lile kongamano la wadukuzi wa kompyuta huko Las Vegas, kwa mara ya kwanza. Mkuu wangu hana pingamizi, ila gharama ni zangu. Kikosini kila mtu ana lake: mmoja ananiambia nisithubutu kusema ni mwanajeshi, mwingine anasema ukivuka mlango tu simu yako imekwisha, wa tatu anataka niende na sare nijitambulishe kwa heshima. Juu ya hayo, kampuni moja inayouza vifaa vya usalama imeniandikia kwamba itanilipia kiingilio na kunialika chakula cha jioni. Mke wangu anasema nitarudi na kesi. Nifanyeje? — Sajenti K., Colorado Springs

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nenda, na mwambie shemeji nimesema mimi. Lakini sare iache kabatini, ile kampuni iandikie leo hii kwamba hupokei, na hilo la kujificha litoe kichwani kabisa. Nitaanza na hilo la kujificha, maana ndilo linalowaharibia safari vijana wetu wengi.

Wanaokwambia ujifiche wanadhani unaingia kwa maadui. Kongamano hilo Jeff Moss alilianzisha mwaka 1993 katika hoteli ya Sands, watu wakiwa kama mia moja, na tangu miaka ile ya mwanzo watu wa serikali wamekuwa wakiingia ukumbini. Wenyeji walilijua hilo, wakalifanya mchezo. Ukimshuku mtu kuwa ni wa serikali unamtaja mbele ya watu, anaulizwa maswali, na ikithibitika, wewe unapewa fulana inayosema umemgundua, na yeye anapewa yake inayosema yeye ndiye wa serikali. Angalia hapo: aliyegunduliwa hakufukuzwa, alivishwa fulana akarudi kuketi. Watu wenye chuki hawafanyi hivyo.

Isipokuwa walishawahi kukasirika, na ni vizuri ujue kwa nini. Mwaka 2012 Jenerali Keith Alexander, aliyekuwa akiongoza NSA, shirika la Marekani la kunasa mawasiliano, na kamandi ya mitandao kwa wakati mmoja, alipanda jukwaa lao akiwa na jinzi na fulana, akawaomba wasaidie kulinda mitandao ya nchi. Wakampokea. Mwaka uliofuata Edward Snowden, aliyekuwa akilifanyia kazi shirika hilo kwa mkataba, akatoa hadharani yale NSA iliyokuwa ikikusanya, na Moss akaandika kuwaomba watu wa serikali wasije mwaka ule, pande zote mbili zipumzike kwanza. Mimi nilikuwa bado kwenye utumishi, na naona walikuwa na haki ya kuumia. Mtu amekukaribisha nyumbani kwake, halafu anasikia barabarani uliyokuwa ukimficha.

Kilichorudisha uhusiano ni kazi, hotuba hazikusaidia kitu. Mwaka 2016 Wizara ya Ulinzi ilifungua baadhi ya tovuti zake ili raia wazijaribu bila kushtakiwa. Walijiandikisha zaidi ya watu 1,400, na ripoti 138 zikakubaliwa kuwa kasoro za kweli na waliozileta wakalipwa. Mwaka 2019 Jeshi la Anga likapeleka DEF CON kifaa halisi kutoka kwenye mfumo wa ndege ya kivita F-15, likawaambia wadukuzi: haya, tuonyesheni. Wakaonyesha. Kufikia 2023 mashindano yalikuwa yanafanywa kwenye setilaiti iliyoko angani kweli, inaitwa Moonlighter, na walioshinda walikuwa Waitaliano, timu ya mHACKeroni. Huko ndiko unakokwenda, mdogo wangu. Watu unaoambiwa uwafiche sura yako ndio waliowaonyesha majenerali wako mahali paa linapovuja.

Kwa hiyo ukiulizwa kazi yako, jibu: niko jeshini, nalinda mitandao, nimekuja kujifunza. Basi. Usiongeze kambi, kikosi wala mfumo unaoulinda. Ukidanganya kwamba wewe ni mwalimu wa hesabu, kwanza hutafika mbali. Kuna kijiji kizima mle ndani, ndivyo wanavyoziita kona zao za mada moja moja, cha watu ambao kazi yao ni kusoma watu. Mshindani anaingia kwenye kibanda cha kioo kisichopitisha sauti, anaipigia kampuni simu huku ukumbi mzima unasikiliza, na kwa upole tu anamtoa mhudumu taarifa moja baada ya nyingine: mnatumia kivinjari gani, nani anawasafishia ofisi, zamu inabadilika saa ngapi. Watu wa namna hiyo wakikutazama ulivyonyoa pembeni, begi lako la rangi ya udongo, na ulivyosimama wima na mikono nyuma, unadhani hesabu zako zitawaingia? Pili, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, uwongo mdogo kuhusu wewe ni nani unampa mgeni kitu cha kukushikia. Mwenye kibali cha usalama, yaani ruhusa ya kuona siri za serikali, hatakiwi kuwa na kitu cha kushikiwa.

Sare ni jambo jepesi. Unaenda kwa gharama zako na kwa muda wako, na kanuni za jeshi zinakataza kuvaa sare pale inapoonekana unaipigia debe biashara ya mtu. Mle ndani kuna kamera na kuna wauzaji. Picha yako ukiwa na magwanda na bendera begani mbele ya banda lao ni tangazo ambalo wasingeweza kulinunua, na litakaa mtandaoni kuliko utakavyokaa wewe jeshini. Kama siku moja utatumwa rasmi, watakaokutuma watakwambia uvae nini. Mwaka huu vaa jinzi.

Sasa ulimi. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa, na katika miaka yangu yote kambini Fort Gordon, nikifundisha wenye kazi kama yako, hili nililirudia kuliko jingine lolote. Hakuna atakayekuuliza siri. Siri unaijua, imepigwa muhuri, na akiiulizia utashtuka. Atakuuliza kitu kitamu. Mmekaa mezani, anakwambia: aisee, kile kifaa kipya cha ukuta wa moto (firewall) kimetutesa kazini miezi mitatu, kila kikisasishwa kinaangusha mtandao, nyinyi kwenu mlikitatuaje? Na wewe umeteseka nacho vilevile, una jibu zuri, na roho inakusukuma umsaidie mwenzako. Ukijibu umemwambia mnatumia kifaa gani, toleo gani, kinaanguka wakati gani, na ni nani anayekishughulikia. Kila kipande peke yake hakina muhuri. Vikusanye.

Dawa yake si kukaa kimya kama gogo, kwa sababu ukikaa kimya siku zote nne umepoteza fedha zako. Kuanzia mwezi huu jenga maabara yako ndogo nyumbani. Kompyuta mbili za mitumba, ruta ya bei nafuu, programu huria za kuchungulia mtandao, vyote kwa hela yako na vyote havina uhusiano na jeshi. Ivunje, itengeneze, andika ulichokiona. Ukiulizwa lile swali tamu utasema: ya kazini siyaongelei, ila nyumbani nina kifaa fulani, nacho kilinitesa hivi na hivi. Hapo mazungumzo yanaendelea kwa uaminifu, unatoa na unapokea. Kijana aliyefika na maabara yake kichwani anarudi na marafiki wa kudumu. Aliyefika na hadithi za kazini tu anabaki aidha bubu aidha mropokaji.

Na ukikutana na Mkenya au Mtanzania ukumbini, maana nao wapo, furahini, lakini Kiswahili kisiwe kichaka cha kujifichia. Tuko wengi duniani, na aliyeketi nyuma yako anaweza kuwa alikulia Kariakoo.

Kuhusu simu, punguza hofu. Mtu mwenye njia ya kuingia kwenye simu mpya iliyosasishwa ana mali ya fedha nyingi sana, hawezi kuimaliza kwa sajenti anayepiga picha za kasino. Wanaonaswa ni wazembe. Kuna skrini kubwa wanayoiita Ukuta wa Kondoo: kila anayeingia kwenye mtandao wa wazi akatuma nenosiri bila kulindwa, jina lake linarushwa pale pamoja na sehemu ya hilo nenosiri, watu wote wakisoma. Kwa hiyo sasisha simu kabla hujaondoka nyumbani, zima wai-fai na bluetooth, tumia data ya simu, beba waya wako wa kuchajia, na flashi utakayookota chini iache ilale hapo hapo. Kompyuta ya kazini isivuke geti la kambi. Kadi yako ya jeshi ikae ndani ya pochi mwilini mwako; usiivae shingoni, usiiache chumbani. Chumba cha hoteli si kabati lako. Baada ya mauaji ya Oktoba 2017 pale Las Vegas, mtu alipofyatua risasi kutoka chumba cha hoteli, hoteli kubwa zilianza kukagua vyumba, na kwenye kongamano la 2018 wageni wengi walilalamika walipokuta wafanyakazi wa usalama wa hoteli ndani.

Tukija kwenye ile kampuni, hapa nakuomba usome polepole, kwa sababu shemeji akisema kesi, kesi hutokea hapa. Wewe huna sahihi ya kununua kitu chochote. Wao wanalijua hilo. Lakini unamjua aliye na sahihi, unajua mnacholalamikia, na baada ya miaka sita utakuwa wewe ndiye unayeulizwa tuchukue kipi. Wanapanda mapema.

Sheria ya maadili ya watumishi wa serikali kuu ya Marekani inakuruhusu kupokea kitu kisichozidi dola 20 kwa mara moja, na kwa mwaka mzima kisichozidi dola 50 kutoka chanzo kimoja. Fedha taslimu hazimo kabisa. Kiingilio cha DEF CON siku hizi kinapita dola 400. Upo mlango wa pembeni kwa mikusanyiko mikubwa ya watu wa aina nyingi, lakini ufunguo wake hauna wewe: ni lazima mwenye mamlaka hayo jeshini aamue kwa maandishi, kabla ya safari, kwamba kuhudhuria kwako kuna manufaa kwa jeshi. Kwa mwaliko uliokuja kutoka kwa muuzaji, ukiambatana na chakula cha jioni, mimi nisingeomba hata huo uamuzi. Lipa mwenyewe. Mlangoni unaweza kulipa taslimu, unapewa beji, na hakuna anayeandika jina lako popote.

Barua yao ijibu kwa mistari mitatu. Washukuru, waambie sheria za maadili hazikuruhusu kupokea, waambie utapita bandani kwao kama mgeni mwingine yeyote. Nakala mpelekee mwanasheria wa maadili wa kambi yako. Anayepeleka nakala mapema huwa hana cha kuelezea baadaye.

Ukiwa huko utakutana na vidogo vidogo. Kahawa na mandazi ya kusimama, soda, biskuti, hivyo kisheria havihesabiki kuwa zawadi. Kunywa bila wasiwasi. Mlo wa kukaa mezani unahesabiwa. Stika na kalamu chukua. Bahati nasibu ya banda, ile ya kuacha kadi yako upate kompyuta, ipite, kwa sababu kuamua kama ile ni ya wazi kwa umma au la ni mjadala wa wanasheria, na wewe hukwenda Las Vegas kujadili hilo. Na akitokea mtu akakuuliza kwa sauti ya kirafiki ukitoka jeshini utafanya nini, njoo tuzungumze, jiulize kwanza kama umewahi kugusa ununuzi wowote unaoihusu kampuni yake, hata kwa kuandika maoni ya kiufundi. Kama umegusa, mazungumzo ya ajira yana masharti ya kuripoti na kujitoa. Mwambie utamtafuta, kisha uanzie kwa mwanasheria.

Nimesema mengi ya kukataza. Sasa nikwambie ulichokwenda kukitafuta, maana nisipokwambia utaenda kukaa kwenye viti vya ukumbi mkubwa siku nzima kama walio wengi. Mihadhara wanaiweka mtandaoni baadaye bure. Utaitazama ukiwa kitandani kwako. Kisichokuja mtandaoni ni vijiji: meza za kufuli, chumba cha ndege na anga, redio, magari, mashine za kupigia kura, mashindano ya wanaoanza. Tangu 2024 yote yako katika jengo la mikutano la Las Vegas, ni kubwa mno, vaa viatu ulivyozoea.

Anza na meza ya kufuli hata kama huna haja ya kufungua kufuli maishani mwako. Unakaa, unapewa kufuli na vyuma viwili vyembamba. Kimoja unakazia, kwa nguvu ndogo kuliko unavyodhani. Kingine unanyanyulia pini moja baada ya nyingine. Ukikaza kwa mkono wa kijeshi hakuna kinachotembea. Ukilegeza, unasikia mtikiso mdogo sana kwenye ncha ya kidole, pini imekaa, unahamia ya pili. Anayekufundisha anaweza kuwa binti mwenye nywele za buluu anayelingana na mwanao wa kwanza, na atakwambia waziwazi kwamba mkono wako ni mzito. Huko cheo hakisaidii. Jeshini tumezoea kumpima mtu kwa kilicho begani kabla hajafungua mdomo, na ulinzi wa mitandao hauendi hivyo: anayeona kasoro ni yule aliyekaa na kitu hicho muda mrefu kwa mapenzi, awe koplo, awe mwanafunzi wa sekondari. Nataka ukalihisi hilo kwenye vidole.

Usitembee na wanajeshi wenzako. Mtaanza kuongea kwa vifupisho, mtacheka ya kikosini, na hakuna raia atakayewasogelea. Kuleni pamoja usiku mkitaka, mchana tawanyikeni.

Usipige picha yenye sura za watu bila kuwaomba wote walio ndani yake. Wenyeji wanalichukulia kwa uzito na wasimamizi wenye fulana nyekundu watakufuata. Ulichofundishwa mle usikijaribu kwenye mtandao wa hoteli wala kwenye simu ya mtu. Raia atashtakiwa mara moja tu, wewe una mahakama ya pili inayokungoja kambini. Wenyeji wana kanuni yao nzuri kwa kila siku: usingizi usipungue saa tatu, milo isipungue miwili, kuoga kusipungue mara moja. Wewe lala zaidi ya hapo. Na beba maji, jua la Agosti la jangwa lile linapita nyuzi 40.

Jambo la mwisho: kabla ya kukata siku zako za likizo, uliza ofisi ya utumishi kama safari hii inafaa kupewa ruhusa ya kiutawala, ile isiyokata likizo na isiyo na posho. Makongamano ya taaluma huweza kuingia humo, na sajenti wengi hawaulizi. Ukirudi, kaa na vijana wako saa moja uwaonyeshe jambo moja ulilojifunza, na mkuu wako atakuwa na sababu ya kumruhusu mwingine mwakani.

SWALI: Afande, nami nakwenda DEF CON. Binamu yangu wa Mombasa anafanya kazi kampuni ya simu huko nyumbani, naye anakuja Las Vegas wiki hiyo hiyo. Tumepanga kulala chumba kimoja tupunguze gharama. Nina kibali cha usalama na sasa naogopa. Nivunje mpango? — Koplo M., San Antonio

JIBU: Usivunje. Hakuna sheria inayokutaka umkane ndugu yako. Tangu 2017 wenye vibali wana wajibu wa kuripoti uhusiano wa karibu na wa kuendelea na raia wa kigeni, na binamu mliyekua pamoja anaingia humo kama bado mnaongea. Kama ulimwandika kwenye fomu ulipoomba kibali, vizuri. Kama hukumwandika, nenda kwa ofisa usalama wa kikosi wiki hii, si baada ya safari, umwambie jina, kazi yake, na kwamba mtalala chumba kimoja. Ofisa huyo ameyasikia hayo kwa kila mwanajeshi aliyezaliwa nje. Kinachomshtua ni kulisikia kwa mtu mwingine.

Chumbani, kompyuta yake ni ya mwajiri wake na simu yako ni yako. Kila mmoja na chaji yake, na mtandao wa kazi ya mwenzako usiulizwe hata kwa utani. Yeye pia ana mkataba wa kuulinda. Bili ya hoteli gawaneni nusu kwa nusu na risiti uitunze, kwa kuwa mwajiri wake anaweza kuwa ndiye anayelipa, na hapo usingizi wa bure ungekuwa umetoka kwa kampuni. Akikuletea haluwa ya Mombasa, hiyo ni zawadi ya ndugu kwa ndugu. Haiingii kwenye hesabu ya dola 20, kula.